Kwa Somo: Mama hajui kwamba najua

Somo yangu, shikamoo.

Nina miaka 28, ni mwalimu wa Kiswahili katika sekondari ya kutwa, sijaolewa. Kwetu ni Tanga ila kazi imenitupa Morogoro. Ninakuandikia wewe kwa sababu kila mtu ninayeweza kumwuliza jambo hili anamjua mama yangu.

Baba aliondoka mwaka 2003. Mimi nilikuwa na miaka 6, mdogo wangu wa kiume alikuwa bado ananyonya. Mama alituambia baba kaenda Maskati kutafuta, na mtaani kwetu hakuna aliyeshangaa, maana nyumba nyingi zilikuwa na mtu Uarabuni. Baada ya miezi kadhaa barua zikaanza kuja. Mama alirudi nazo jioni kwenye mkoba, akatungoja tule, akakanda unga wa maandazi ya asubuhi na kuufunika uumuke, kisha akanawa mikono, akaketi mkekani na kutusomea. Zote zilianza na "Wanangu wapenzi". Zilikuwa na habari za joto la huko, za tende, za chumba ambacho baba alilala na wanaume wengine watano. Kila barua ilikuwa na neno langu na neno la mdogo wangu. Niliambiwa nisiache shule. Yeye aliambiwa asicheze karibu na kisima.

Stempu hazikuwepo. Nilipouliza, mama alisema watu wa posta huzibandua kwa kuwa wanazikusanya. Nikaamini. Zilikuja barua 11 kwa jumla, ya mwisho mwaka 2009. Baada ya hapo mama alisema baba amehama kazi na anwani imepotea, na polepole tukaacha kuuliza.

Nilipokuwa na miaka 16 mama alikwenda msibani Pangani akaniachia biashara yake ya maandazi. Nikachukua daftari la madeni ili nijue nani wa kudai. Kwenye ukurasa wa kwanza palikuwa na neno "unga". Herufi g ilikuwa na mkia uliokunjwa kama ndoana. Nikakaa nayo ile g muda mrefu, halafu nikapanda kiti, nikashusha kopo la biskuti juu ya kabati, nikatoa barua na kutazama neno "wanangu". Mkono ulikuwa mmoja.

Nilimwendea shangazi, dada wa baba. Alicheka kwanza, kisha akalia. Akaniambia kaka yake hajawahi kuvuka maji hata kwenda Pemba. Yuko Handeni, ana mke na watoto wengine, na yuko huko mpaka leo. Nilimwapia kwamba sitasema, na sijasema. Mama hajui kwamba najua.

Sasa, Somo, mimi ni mtunzi. Kwa miaka minne nimeandika usiku baada ya kusahihisha madaftari, nikapata mashairi 48. Yapo ya mchumba aliyerudisha nyuma maneno baada ya posa kupokelewa, yapo ya darasa la watoto 90, yapo ya upweke wa chumba cha kupanga. Mchapishaji mmoja wa Dar es Salaam amekubali kuyatoa, nakala 500 kwa kuanzia, nami nimechangia nusu ya gharama kwa mkopo wa kikundi. Mhariri aliposoma shairi la barua zile alinipigia simu usiku. Alisema, "Hili ndilo kitabu. Mengine yote yanalizunguka." Anataka liwe la kwanza, na diwani nzima iitwe *Gundi ya Unga*, jina linalotoka humo. Nilipomwambia nafikiria kuliondoa akasema nitabaki na mifupa.

Mama hajasoma hata shairi moja. Lakini ameshamtangazia kila mtu. Uzinduzi tumepanga tuufanye Tanga likizo ya Desemba, na yeye na majirani wanane wameshanunua kanga za sare. Juzi kwenye simu ameniuliza, "Siku hiyo utanisomea lipi?" Nikasema nitamchagulia zuri. Hao majirani ndio aliowaambia habari za Maskati kwa miaka yote hii, na watakaa mstari wa mbele. Mdogo wangu yeye hana habari na mashairi, anahangaikia pasipoti, kuna rafiki yake amemwahidi kazi ya udereva hukohuko Maskati.

Mchapishaji anataka jibu langu mwisho wa mwezi. Je, ninayo haki ya kulichapisha? Ni maisha yangu pia. Au niliondoe? Au nitumie lakabu? Silali vizuri.

Mtunzi, Tanga

*

Marahaba, mwanangu.

Kwanza niwaambie wasomaji jambo moja. Binti huyu aliniambatishia shairi zima, beti tisa. Nilimwandikia kuomba ruhusa ya kuweka hapa ubeti mmoja tu, bila jina lake, na mambo mawili matatu kuhusu familia nikiwa nimeyabadilisha. Alichukua siku nne ndipo akakubali. Ubeti ni huu:

Mkono wa kitabuni, madeni ukiyapanga,
Nauona bahashani, "wanangu" ukituunga,
Bila muhuri pembeni, gundi ni uji wa unga,
Baba yu ughaibuni, mama jikoni atunga.

Siku nne, mwanangu, kwa mistari minne ambayo haina jina lako wala la mama, katika safu ambayo umeniambia mama haisomi. Sikulaumu. Nataka tu uzitazame siku hizo kabla hatujasogea, kwa sababu nadhani zimekujibu sehemu ya swali lako, na jibu lenyewe halihusu haki.

Nikikusoma vizuri, hali yako ni hii. Una shairi unaloliamini kuliko yote uliyoandika. Ndani yake kuna siri ambayo mama yako aliilea kwa mikono yake, nawe umeilea kwa miaka 12 bila yeye kujua kwamba mnailea wawili. Kitabu kikitoka na shairi hilo, siri mbili zinafunguka kwa pamoja: ya kwake, kwamba baba hakwenda popote, na ya kwako, kwamba ulijua ukanyamaza. Kwenye barua yako umeiogopa sana ile ya kwanza. Mimi naona hata hiyo ya pili ina uzito wake. Mama akigundua mbele ya kanga nane za sare kwamba mwanawe alijua tangu ana miaka 16, huenda asihesabu aibu ya Maskati peke yake. Atarudi nyuma mwaka kwa mwaka, akijiuliza ni mara ngapi alitaja jina la baba mbele yako nawe ukaitikia.

Lakini hapo pia natembea juu ya dhana yako, kwamba mama hajui. Una hakika gani? Ulikuwa msichana wa miaka 16 uliyerudi kutoka kwa shangazi na macho mekundu, ukaacha kabisa kuuliza habari za baba. Mwanamke anayeendesha biashara ya mkopo mtaa mzima kwa daftari moja huwa hasahau nani amebadilika uso. Inawezekana amejua siku zote kwamba unajua, naye anakusitiri kama wewe unavyomsitiri. Inawezekana pia hana habari hata kidogo. Ninachokuomba ni usijenge uamuzi wote juu ya nguzo ambayo hujaigusa.

Na lile kopo la biskuti. Umelitaja kwa haraka, mimi nikakwama hapo. Barua 11 za uongo, miaka yote hii, bado zipo. Kuni hazikukosekana nyumba ya maandazi. Mtu aliyetaka jambo lisijulikane kamwe angezitia motoni ulipoacha kuuliza. Yeye amezitunza, tena mahali ambapo mtoto akipanda kiti anazifikia. Labda anazihifadhi kwa ajili ya mdogo wako. Labda anazipenda tu, kama mtu anavyopenda kazi aliyoifanya vizuri. Maana ukitazama bila machozi, mama yako alimtunga baba. Alimpa chumba, wenzake watano, joto, tende, na wasiwasi wa kisima. Nyumba yenu ilikuwa na mwandishi kabla yako. Wewe mwenyewe umelisema hilo kwa neno "atunga", sijui kama ulipoliweka uliona linavyomwangukia.

Ndiyo maana sikusikia mashtaka katika shairi lako. Nilisoma beti zote tisa nikitafuta hasira, nikaikuta kwenye ubeti wa sita tu, na ni ya baba. Hata umbo linasema kitu. Mashairi mengine uliyonitumia ni huru, hayana vina. Sina ugomvi nayo. Tangu Kezilahabi atoe *Kichomi*, diwani yake ya mashairi huru, mwaka 1974 watu wamevutana vya kutosha kuhusu vina, na mimi si wa kuwasha upya moto huo. Lakini hili moja umelifunga mizani 16, yaani silabi 16, kila mstari, ukiugawa vipande viwili, ukwapi na utao, kama mtu anayekaza kamba. Jiulize kwa nini. Huenda ndilo pekee uliloona linahitaji kufungwa.

Sasa swali lako la haki. Unasema ni maisha yako pia, na ni kweli. Mtoto aliyesomewa barua ana hadithi yake, na hakuna anayeweza kukunyang'anya ile jioni ya mkekani. Tatizo ni kwamba jioni ileile ni ya watu watatu. Ukiandika ulivyoona, ulivyoamini, ulivyoigundua ile g, unaandika lako. Ukiandika kwa nini mama alidanganya, unaingia chumba kingine, na mle hujawahi kukaribishwa. Rudi kwenye beti zako uone ni upi umesimama mlangoni na upi umeingia. Mimi nimehesabu mbili zilizoingia. Unaweza usikubaliane nami.

Kuna jambo dogo la kisheria ambalo pengine mhariri wako hajalifikiria. Kwenye beti za tatu na nne umenakili mistari ya barua zenyewe, neno kwa neno, kwa herufi za mlazo. Kwa kanuni za hakimiliki barua ni andiko kama maandiko mengine. Mpokeaji anamiliki karatasi, na maneno yanabaki ya aliyeandika. Tanzania tunayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na ofisi ya hakimiliki, COSOTA, ipo kwa maswali kama hayo. Silisemi hili kukutisha kwamba mama atakupeleka mahakamani. Nani amewahi kuona hilo! Nalisema kwa sababu lina uzuri wake: maneno matamu kuliko yote kitabuni mwako ni yake, na jina kwenye jalada ni lako peke yako.

Umefundisha utenzi wa Mwana Kupona, bila shaka. Mwaka 1858 mama mgonjwa alimtungia binti yake Mwana Hashima wosia wa mambo ya ndani kabisa, ya nyumba, ya ndoa, ya kifo kinachokaribia. Msikilizaji alikuwa mtoto mmoja, kisha wanawake wakanakili, wakaghani, na leo wanafunzi wanausoma. Kwa hiyo mtu asikuambie kwamba mambo ya mama na binti hayafai kuwa ushairi wa watu wote. Ila mle mwenye siri ndiye aliyeshika kalamu. Na mwenyeji wenu wa Tanga, Shaaban Robert, alimlilia mkewe Amina kwa beti ambazo watu bado wanazisoma. Amina hakuulizwa kwa kuwa asingeweza kuulizwa. Mama yako yuko hai, anapokea simu, na ameshakuuliza utamsomea lipi.

Tuzitembelee njia zako basi, moja moja, bila haraka.

Lakabu nitaipitia upesi. Ingefaa kama mama asingekuwa ameshatangaza mtaa mzima kwamba kitabu ni cha mwanawe. Kwa sasa ni kufunga mlango ng'ombe akiwa barazani.

Kuligeuza fumbo ni jambo zito zaidi, kwa sababu ni jadi yetu. Ungeweza kumtoa baba, ukaweka mume wa mtu asiyejulikana, Maskati ikawa Ngazija, maandazi yakawa ukili. Malenga wamejificha humo tangu enzi na enzi. Lakini fikiria mji unaoongelea. Tanga ni mji wa vikundi vya Black Star na Lucky Star, watu wamelelewa na taarabu, na wimbo ukipigwa swali la kwanza ni "Anaimbwa nani?" Ukiwapa fumbo, wale majirani wanane watalifumbua kabla soda hazijaisha, na watakuwa wamepata raha ya kulifumbua wenyewe. Halafu kuna hasara ya shairi. Ile g ya "unga" na "wanangu" ikiondoka, sijui kama kinachobaki kinapumua. Labda wewe unaweza. Wapo waliofanya fumbo likauma kuliko kitu kilichosemwa wazi.

Kuliondoa kuna amani yake. Shairi si maziwa, haliozi. Linaweza kungoja diwani ya pili, au kungoja mama awe tayari, au kungoja siku ambayo hakuna anayependa kuifikiria. Mchapishaji atanung'unika. Mkataba wako unasemaje kuhusu nani ana neno la mwisho juu ya yaliyomo? Usome leo, hasa kwa kuwa umetia fedha zako na za kikundi. Hatari ninayoiona hapa haimo kitabuni, imo kwako. Watu wanaojinyima jambo kwa ajili ya mama bila mama kujua, mara nyingi huanza kumdai. Hawamwambii deni, lakini wanalidai: kwenye simu fupi, kwenye likizo zisizotimizwa. Na daftari hilo mama hataliona ajue analipaje.

Kulichapisha bila kumwambia, ukatumaini mambo yatajipa: nimeona watu waliofanya hivyo wakapona. Wengine mama zao walisoma, wakanyamaza wiki moja, kisha wakapika wali wakaita watu. Siwezi kukuambia haiwezekani. Lakini picha yako ina kitu ambacho wengi hawakuwa nacho, ule mstari wa mbele. Hata ukiamua kulichapisha, uzinduzi na kitabu ni vitu viwili. Kitabu kinaweza kutoka na shairi, na siku ile usilisome. Kinaweza kuzinduliwa Morogoro miongoni mwa walimu wenzio, na Tanga ikawa chai nyumbani. Kinaweza kuitwa jina jingine na shairi likakaa ukurasa wa 40, ambako msomaji analifikia akiwa ameshakujua. Mhariri amekuambia ndilo kitabu, na pengine ana macho mazuri. Hata hivyo wahariri wengi huvutwa na kidonda kilicho wazi, kwa kuwa kinauzika kwa sentensi moja. Mashairi yako ya darasa la watoto 90, mimi mwenzio yalinichekesha na kuniumiza kwa pamoja, na sikubali kwamba ni mifupa. (Lile la mchumba unaloliita "Posa" lipunguze beti mbili za mwisho. Samahani, hukuniuliza.)

Inabaki kumwambia. Najua ulitegemea nifike hapa, na huenda ulitaka nikusukume. Sitakusukuma, ila nitakuuliza maswali mawili. La kwanza: ukienda kwake, utakuwa unaomba ruhusa au unatoa taarifa? Amua kabla ya kupanda basi. Ukiomba ruhusa, basi "hapana" ni jibu halali, nawe uwe tayari kurudi nalo. Ukijua moyoni kwamba utachapisha vyovyote, usimpe heshima ya uongo ya kumwuliza. Mwambie kwamba linakuja, umpe muda wa kujipanga na majirani zake apendavyo. Hata kama ni kuahirisha uzinduzi. Mwisho wa mwezi ni tarehe ya mchapishaji, na tarehe za wachapishaji zimewahi kusogea kwa sababu hafifu kuliko hii.

La pili: utamwambia nini kwanza, kwamba unajua au kwamba umeandika? Mimi ningeogopa sana ajue yote mawili kwa sentensi moja. Nafikiria mazungumzo mawili, siku mbili, pengine miezi miwili mbali. Katika yale ya kwanza hakuna kitabu wala mhariri. Kuna wewe na yeye na kopo lile. Na usimtumbukize shangazi humo, yeye alikutunzia neno kwa gharama yake.

Mama anaweza kukana. Anaweza kusema, "Nani kakuambia upuuzi huo?" na kuendelea kukanda unga, na wewe utabaki na shairi mkononi na mlango uliofungwa. Anaweza kulia. Anaweza pia kukuuliza swali ambalo sidhani umejiandaa nalo: "Ulikuwa unaziamini?" Utamjibu nini? Nadhani jibu la swali hilo halimo katika beti tisa, nami ningependa kulisoma.

Nimeacha kwa makusudi jambo moja mpaka hapa, ingawa wewe ulilipitisha katika sentensi moja kana kwamba ni habari ya hali ya hewa. Mdogo wako anatafuta pasipoti aende Maskati. Mtoto aliyeambiwa asicheze karibu na kisima. Labda anafuata mshahara tu, kama vijana wengi, na rafiki yake ni mkweli. Lakini mwanangu, umemwuliza kwa nini huko na si Doha au Dubai? Kijana aliyelelewa na barua zenye jina la mji anaweza kwenda kwenye mji huo akitafuta uso. Atauliza Waswahili wa huko, na wako wengi, kama wanamkumbuka mtu wa Tanga aliyelala chumba kimoja na wenzake watano. Na mtu anayemtafuta yuko Handeni, safari ya basi ya saa chache.

Hilo halimngoji mchapishaji. Hata ukilichoma shairi lako kesho, mdogo wako bado yuko kwenye foleni ya pasipoti. Ndipo ninapojiuliza kama swali lako kubwa limejificha nyuma ya kitabu kwa sababu kitabu kina tarehe, kina mhariri wa kulaumiwa, kina haki za kujadiliwa. Je, ni nani anayepaswa kumwambia kijana huyu? Mama? Wewe? Wote wawili mkiwa mmeketi mkekani? Sijui. Najua tu kwamba akiisoma kwenye diwani yako akiwa peke yake huko Maskati, hutakuwa na njia ya kumshika mkono.

Kwa hiyo kama nikikuambia unipangie kipi kianze, ningetaka nikusikie ukipanga watu kwanza: nani ajue kabla ya nani, na kutoka kinywani mwa nani. Ukishapata mpangilio huo, huenda ukaona shairi limejipatia ukurasa wake lenyewe, au limekuomba lisubiri. Nitakubaliana na lolote utakaloliona, maana wewe ndiye utakayekaa kwenye jiko lile asubuhi inayofuata.

Usiku usiolala, usiutumie kulisahihisha shairi. Limekwisha. Mpigie simu mdogo wako umwulize habari za pasipoti, umsikilize tu, usimwambie kitu siku hiyo.

Kisha niandikie. Mama msalimie sana, hata kama bado hujui utamwambia salamu zimetoka kwa nani.

Somo